Kilomita Moja Shilingi Mia: Mtwara Hadi Lindi kwa Kuzunguka Newala

Jumatatu. Mtwara, Naliendele, mpaka lami ilipokoma

Kutoka Mtwara kwenda Lindi kuna njia fupi. Unapita Mikindani, unapita Mpapura, unatokea Mnazi Mmoja, na kabla ya magharibi umefika. Ni kama kilomita 110, lami tupu. Sisi, tunaoendesha baiskeli kuchangisha fedha za utafiti wa saratani ya mlango wa kizazi, tumeipa mgongo. Tunaelekea Naliendele, Tandahimba, Newala, Masasi, Ndanda na Mtama, ndipo tushuke Lindi, na mzunguko huo unakaribia kilomita 350.

Sababu ni hesabu tu. Waliotuunga mkono wameahidi kwa kilomita: wengi shilingi mia kwa kila kilomita moja, wengine hamsini, na mama yangu mdogo aliyeko Lindi ameahidi mia mbili. Tukipita njia fupi, mfuko unapungua kwa zaidi ya theluthi mbili.

Tuko watatu. Muuguzi ndiye mwenye wazo. Kazi yake ni kupima wanawake saratani ya mlango wa kizazi. Wa pili ni fundi baiskeli wa mtaani kwetu, ambaye watu wote humwita Njomba, na yeye humwita kila mtu njomba, wanawake tukiwemo. Wa tatu ni mimi, mwalimu wa sekondari niliye likizo ya katikati ya mwaka, nikiendesha Phoenix nyeusi ya Njomba, yenye uzito wa mbuzi wawili. Nimevaa suruali ya mazoezi na gauni fupi juu yake, na kanga nimeifunga kiunoni kwa heshima ya vijijini. Bibi mmoja muuza vitumbua alituangalia tukifunga mizigo kwenye keria, akaniuliza kwa huruma kabisa, "Mwanangu, umekosa nauli?"

Neno hilo, nauli, lilikuwa limeshatusumbua kabla hata hatujakanyaga pedeli. Fedha tunazochangisha tuliahidi kuzipeleka kwenye utafiti wa saratani ya mlango wa kizazi. Tulipotangaza hivyo kwenye kikundi cha mtaa, mtu akauliza: wagonjwa wetu wanakosa nauli ya basi kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, nyie mnawapelekea pesa watafiti? Swali lilikuwa zuri, na siku zile sikuwa na jibu la kumpa.

Jibu la kwanza alilitoa Njomba leo, tena bila kupunguza mwendo. Tulikuwa tunapita kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele. Akanyoosha mkono. "Hawa si ndio waliotutoa kwenye ubwiriunga?"

Kwa asiye mtu wa Kusini: ubwiriunga ni ukungu mweupe unaovamia maua ya mkorosho na kuyakausha, ukabaki na mti wa kivuli. Msimu wa 1973/74 nchi hii ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Ubwiriunga haukuwa peke yake katika maafa hayo. Bei zilivunja watu moyo, na wakulima walikuwa wamehamishiwa kwenye vijiji wakaacha mikorosho yao porini. Lakini ukungu ule usingepata dawa, leo tungekuwa tunasimulia korosho kama hadithi. Kuna watu walikaa mashambani misimu na misimu wakijaribu salfa ipulizwe lini, kiasi gani, mti upi unastahimili na upi haustahimili. Walikuwa wanalipwa kwa kazi hiyo. Sijawahi kusikia mkulima wa Mtwara akiuliza kwa nini.

Lami ya awamu iliyokamilika inakoma Mnivata, kilomita 50 kutoka Mtwara. Mbele ni ujenzi, magreda na vumbi jekundu. Tumelala kwa mwalimu mwenzangu. Mama mdogo amepiga simu saa mbili usiku kuuliza kilomita za leo, akanitaka nimtumie picha ya kile kidude cha kuhesabia kilichofungwa kwenye gurudumu la Njomba. Ahadi si kumwamini mtu, anasema.

Jumanne. Tandahimba

Mikorosho kulia, mikorosho kushoto, na harufu ya salfa imetanda njia nzima. Ni wakati wake. Wapuliziaji wanaingia shambani alfajiri kabla upepo haujaamka, na unga wa manjano unabaki juu ya majani mpaka mchana. Upepo unatusukuma mgongoni, jambo la kumshukuru Mungu, maana mchanga wa kandokando ya ujenzi unashika tairi kama unadai deni.

Mchana tulisimama karibu na ghala la chama cha msingi, chini ya mwembe, na Muuguzi akaomba ruhusa ya kuzungumza. Walikuwepo wanaume wengi kuliko wanawake. Mzee mmoja, baada ya kupokea shikamoo zetu zote tatu kwa utulivu, akaleta lile swali la nauli. Njomba akajibu kwa mfano wa Naliendele. Mzee akacheka.

"Salfa naiona, ipo mgongoni kwa huyu kijana. Huo utafiti wenu nitauonea wapi?"

Muuguzi akachomoa chupa ndogo kwenye mkoba. Siki. Si ya kachumbari, lakini ni ndugu yake: asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5. Mwanamke analala, mlango wa kizazi unapakwa, mnasubiri dakika moja. Penye chembe zilizoanza kubadilika panageuka peupe. Macho ya muuguzi aliyefundishwa yanatosha, hakuna kusubiri majibu ya maabara kutoka Dar es Salaam, na mara nyingi doa hilo hutibiwa siku hiyohiyo kwa kugandishwa au kwa joto, kabla halijawa saratani.

"Mnadhani nani alijua siki inafaa?" akauliza. Kisha akawapeleka Mumbai, India. Wanawake kama 150,000 wa mitaa ya watu wa kipato cha chini waliandikishwa kwenye utafiti. Upande mmoja walipimwa kwa siki kila baada ya miaka miwili, na waliowapima walikuwa wanawake wa kawaida wenye elimu ya sekondari waliopewa mafunzo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2013: vifo vya saratani hiyo vilipungua kwa asilimia 31 katika upande uliopimwa. "Kwa hiyo mzee wangu, ukiniona zahanati na chupa hii, umeuona utafiti."

Mzee alitikisa kichwa polepole, ule mtikiso wa mtu anayekubali nusu. Kijana aliyekuwa na unga mgongoni akauliza, na wenzake wakaguna kumuunga mkono: mwanamume linamhusu nini? Muuguzi hakuinua sauti. Saratani hii, alisema, karibu yote inatokana na kirusi kinachoitwa HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana. "Kirusi hakiingii kwa dirishani, kaka yangu."

Ghala zima liliangua kicheko. Wanawake waliokuwa wamekaa kando wakasogeza mikeka karibu.

Jumatano. Newala

Hii ndiyo siku niliyoiogopa, na miguu imenithibitishia kwamba niliiogopa kwa haki. Uwanda wa Makonde unaonekana tambarare kwa anayepita na gari. Kwa mwenye Phoenix isiyo na gia, una mabonde yake. Maji ni habari nyingine; huku juu mvua inazama mchangani, na tangu zamani watu wanategemea maji yanayosukumwa kwa mitambo kutoka bondeni au yaliyovunwa paani. Nimekunywa kwa adabu. Ukipewa kikombe cha maji Newala umepewa kitu.

Msimu wa jando na unyago umeanza. Ngoma tumezisikia tangu jana usiku, na leo tumepishana na akina mama wenye kanga za sare wakienda kumcheza mwali. Muuguzi alikuwa ameshapanga, kupitia mhudumu wa afya wa kijiji, kuonana na kungwi mmoja mwenye jina kubwa eneo lile. Njomba, kama inavyompasa, alibaki nje akiziba pancha.

Yaliyosemwa ndani hayaandikwi, ila sehemu inayohusu chanjo kungwi mwenyewe aliniambia niiandike. Alikuwa na swali moja tu. Wamesikia kwamba sindano wanayochomwa mabinti shuleni inaua kizazi. Je, ni kweli? Aliuliza bila ukali, ila ilionekana wazi kwamba jibu lake litafika mbali kuliko tangazo lolote la redio.

Muuguzi akamjibu hivi. Chanjo haigusi kizazi, inaufundisha mwili kumtambua adui kabla hajafika. Aina mbili za kirusi, zenye namba 16 na 18, ndizo zinazosababisha kama asilimia 70 ya saratani hizi, na ndizo chanjo inazilenga. Ndiyo maana inatolewa mapema, kati ya miaka 9 na 14, kabla binti hajaanza kukutana na mwanamume. Ukichelewa, adui ameshaingia. Ilipoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, binti wa miaka 14 alichomwa sindano mbili, ya pili baada ya miezi sita. Tangu 2024 ni moja tu.

Kungwi aliidaka hapohapo. "Mbona wamepunguza? Dawa imekwisha?"

Hapo nilimwona Muuguzi akifurahi kwa mara ya kwanza tangu tutoke Mtwara, maana hapo ndipo alipotaka kufika. Hawakupunguza kwa uhaba, alisema. Mwanza, kwenye nchi hii hii, mabinti 930 wa miaka 9 hadi 14 walikubali, na wazazi wao wakakubali, kushiriki utafiti. Wengine walipewa sindano moja, wengine mbili, wengine tatu, kisha damu zao zikafuatiliwa kwa miaka. Waliopata moja walionekana kuwa na kinga inayodumu, inayolingana na ya wanawake wa nchi nyingine waliochomwa moja na kulindwa kweli. Matokeo yale, pamoja na ya kwingineko, ndiyo yaliyolifanya Shirika la Afya Duniani kusema mwaka 2022 kwamba dozi moja inaweza kutosha.

Nilipiga hesabu ya kimwalimu kichwani. Binti anayesoma kijiji cha mbali, akikosa shule siku ya sindano ya pili, alikuwa amebaki nusu. Sasa hakuna siku ya pili ya kuikosa. Utafiti wa Mwanza umemfikia binti wa Newala, na hakuna aliyemwambia.

Kungwi alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba mwali hatolewi nje hajapewa cha kumlinda, na kwamba hili naye ataliweka mahali pake. Mahali gani hakusema, na hatukuuliza.

Jioni tulikwenda kusimama Shimo la Mungu, ukingo ule ambapo uwanda unakatika ghafla na nchi yote ya chini, bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo yake, inalala miguuni mwako. Njomba alisema kama angepewa parachuti tungefika bondeni bila kutumia breki. Mama mdogo kwenye simu: "Kuangalia shimo hakuhesabiwi."

Alhamisi. Masasi

Kushuka. Breki za Njomba ziliisha mpira, akafunga kipande cha tairi kuukuu, tukaendelea. Miamba ya Masasi inaonekana kutoka mbali, mikubwa, myeusi, imesimama uwandani kila mmoja peke yake. Tumekula ming'oko ya kuchemsha barabarani, chumvi na pilipili. Hakuna hotuba leo. Muuguzi sauti imekauka kwa vumbi, na kusema kweli sisi wawili hatukulalamika.

Ijumaa. Ndanda hadi Nyangao

Lami tena. Baada ya vumbi la uwandani, baiskeli ilikwenda kama imepakwa mafuta. Kulia kwetu ukingo wa uwanda wa Makonde tuliotoka juzi umesimama kama ukuta, na chini yake Ndanda, na maji yake ya chemchemi, na hospitali ya misheni ya Wabenediktini waliofika hapo mwaka 1906. Njomba akaenda kuswali Ijumaa. Sisi tukakaa kituo cha mabasi na chai.

Hapo ndipo tulipokutana na yule mama. Sitaandika zaidi ya alichoniruhusu. Ana umri wa kama miaka hamsini, alikuwa na kaka yake na begi moja, wanasubiri basi la Dar es Salaam. Ni saratani ya mlango wa kizazi, na imeshapita hatua ya kugandisha doa. Anakwenda Ocean Road kwa mionzi. Taasisi hiyo iko kwenye jengo la hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, na kwa miaka mingi ilikuwa mahali pekee pa mionzi nchini, kabla Bugando ya Mwanza na wengine hawajaanza. Kwa mtu wa Kusini, njia bado inaelekea Dar.

Alijisikia vibaya tangu mwaka jana. Alitokwa damu, na hedhi ilikuwa imeshakoma zamani. Akadhani ni mambo ya utu uzima. Siki haikuwahi kumgusa. Lakini kilichonikaa ni kaka yake, aliyekuwa akihesabu: nauli ya wawili kwenda, pa kulala, chakula. Mionzi ya ugonjwa kama wake si ya siku moja. Mara nyingi ni siku tano za juma kwa takriban majuma matano. Wapi pa kukaa muda wote huo Dar es Salaam, huna ndugu?

Fedha walizokuwa nazo walizipata kwa kangomba. Yaani korosho za msimu ujao, ambazo hata maua hazijatoa sawasawa, wameshaziuza kwa mtu mwenye fedha taslimu, kwa bei ya kutupa. Serikali inapiga vita biashara hiyo kila mwaka, na kila mwaka ipo, kwa sababu ugonjwa hausubiri mnada wa Oktoba.

Basi lilikuja. Muuguzi alichukua namba ya simu ya yule kaka. Njomba alipotoka msikitini alitukuta hatuzungumzi.

Nyangao tumefika jua limeshachwa. Jioni hii hatukubishana na mtu mwingine ila sisi wenyewe. Muuguzi anashikilia kwamba fedha za utafiti zibaki za utafiti, kwa sababu nauli ya yule mama ni gharama ya utafiti ambao haukumfikia kwa wakati. Ukilipa nauli tu, mwakani utalipa nyingine, na nyingine. Njomba, aliyeanzisha habari za Naliendele, amegeuka. "Njomba, salfa ni ya mti uliosimama. Ulioanguka je?" Mimi nipo upande wa Muuguzi kwa akili, na nilipozima taa bado nilikuwa namwona yule kaka akihesabu noti.

Jumamosi. Mtama, Mnazi Mmoja, Lindi

Ufuta umevunwa, umesimamishwa mashambani kwa mafungu ukauke. Njia inafuata bonde la Lukuledi kushuka baharini, na safari hii kusi linatupiga ubavuni. Kuanzia Mnazi Mmoja malori ya saruji ni mengi. Tuliendesha kwa mstari mmoja, Njomba nyuma, akipiga kengele bila sababu.

Lindi ilianza kunukia chumvi kabla hatujaiona. Mama mdogo alikuwa amesimama barabarani na daftari. Hakutukumbatia kwanza. Aliinama kwenye gurudumu la Njomba, akavaa miwani, akasoma 347, akaandika. Ndipo akatukumbatia, ndipo tukala pweza wa nazi na ugali wa muhogo mpaka tukashindwa kuinuka.

Huyu ndiye aliyepakwa siki miaka michache iliyopita, doa likaonekana, likagandishwa, akarudi nyumbani siku hiyohiyo kupika futari. Anauza samaki. Hapendi kuzungumzia jambo hilo, na nimeliandika kwa sababu leo, akisikia habari za mama wa Ndanda, amelizungumza mwenyewe mbele ya Njomba.

Jumapili. Lindi

Ahadi zote zikilipwa, ni milioni moja na laki nane na ushee. Hatukuwa na haki ya kubadili matumizi kimyakimya, kwa hiyo asubuhi tumewaandikia wachangiaji wote, zaidi ya sitini: fungu lako liende wapi, utafiti au nauli na malazi ya wagonjwa wa Kusini wanaokwenda kwenye mionzi? Tumewasimulia yote mawili, Mwanza na Ndanda, bila kuwasukuma.

Majibu yamekuja mpaka usiku. Wachache walikasirika kuulizwa. Yule wa kwenye kikundi cha mtaa aliyetuuliza habari ya nauli amechagua utafiti. Anasema alitaka tu kuona kama tunaweza kujieleza. Wengi wamechagua nauli. Njomba, ambaye aliahidi hamsini kwa kila kilomita aliyoiendesha mwenyewe, ameitoa kwa nauli. Muuguzi na mimi zetu zimebaki utafiti, na sikuona haya. Binti wa Newala mwenye sindano moja hana basi la kupanda, na ninataka wawe wengi kama yeye.

Mama mdogo alitaka apewe kalamu. Mia ya kwanza ya kila kilomita, utafiti. Mia ya pili, nauli. Shilingi 34,700 huku, 34,700 huku. Kesho benki ikifunguliwa zinatumwa kwa mafungu mawili, na kila fungu litakuwa na risiti yake. Ameshatuambia kwamba nakala zote mbili anazihitaji kabla ya saa sita mchana, maana baada ya hapo yupo sokoni na mikono yake ina magamba.